KIPIMO KIMOJA KWA WOTE: Seremala Kijana, Mashindano ya Ufundi na Haki ya Kazi

Mada kwa viongozi wa walei na wa Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo, Igowole, katika maandalizi ya Sikukuu ya Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi





UTANGULIZI

Tume ya Haki na Amani imezoea kuzungumza nanyi juu ya mirathi ya wajane, migogoro ya mipaka ya mashamba na wajibu wa raia wakati wa uchaguzi. Leo tumechagua mada ambayo huenda wengine wataiona kuwa ndogo: seremala kijana anayekwenda kushindana na mafundi wenzake wa nchi nzima. Mtauliza, mashindano ya ufundi yanahusiana nini na haki?

Jibu letu ni hili. Katika uwanja wa mashindano yaliyoandaliwa vema, kijana hupewa mambo manne ambayo nyumbani kwao ni shida kuyapata: mchoro uleule waliopewa wengine, mbao zilezile, saa zilezile, na mwamuzi anayepima kazi pasipo kuuliza mfanyaji ni mtoto wa nani. Hicho ndicho kipimo kimoja kwa wote. Twataka kuonyesha ya kwamba kipimo hicho hakipaswi kubaki uwanjani mashindano yakiisha. Yatupasa kukileta huku kwetu, kwenye vibanda vya mafundi, kwenye zabuni za shule na kwenye ujenzi wa makanisa yetu.

1. TUNAISHI KATIKATI YA MITI

Wilaya yetu ya Mufindi imejaliwa miti kuliko sehemu nyingi za Tanzania. Shamba la Miti la Sao Hill, ambalo upandaji wake wa majaribio ulianza mwaka 1939, ndilo kubwa kupita mashamba yote ya miti ya Serikali, na eneo lake lapita hekta 130,000. Kule Mgololo kiwanda cha karatasi kilianza uzalishaji mwaka 1985. Licha ya hayo, kaya nyingi za huku zina kipande chao cha mipaini au milingoti, kilichopandwa kwa matumaini ya ada ya shule au ya kuezeka nyumba kwa bati. Malori ya magogo na mbao twayaona katika barabara ya Mgololo, Igowole na Nyololo, masika na kiangazi.

Lakini tujiulize: mti ukituacha, hutuacha ukiwa nini? Mara nyingi huondoka ukiwa gogo, au ukiwa mbao zilizopasuliwa upesi kwa mashine ndogo ya porini, tena zingali mbichi. Mlango, kabati na dirisha hutengenezwa mjini, na faida ya mkono wa fundi hubaki hukohuko. Sisi tuliopanda, tukapalilia na kulinda moto, tunabaki na visiki na maranda. Kijana wetu huuza nguvu za mabega kwa kupakia lori, ilhali angeweza kuuza ujuzi wa mikono yake.

Wahenga walisema, ukiona vyaelea, vimeundwa. Tena tukumbuke ni nani huyu aundaye. Katika vijiji vyetu seremala hutengeneza kitanda cha maharusi, dawati la mtoto, fremu ya mlango na meza ya altare ya kigango. Na mtu akifariki usiku, ndiye anayeamshwa, akawasha taa na kupima mbao za jeneza, ili maziko yasichelewe. Mtu anayetuhudumia tangu kitandani hadi kaburini, je, sisi twamhudumia kwa lipi?

2. MASHINDANO YA UFUNDI YALIVYO

Mashindano ya ufundi si jambo geni duniani. Mwaka 1947, nchini Hispania, vijana wanagenzi walishindanishwa kwa sababu nchi ilikuwa na upungufu mkubwa wa mafundi stadi, na wazazi hawakuona fahari kumpeleka mtoto katika ufundi. Mwaka 1950 vijana wa Ureno waliungana nao huko Madrid, na kutoka hapo yakakua mashindano ya kimataifa yanayoitwa WorldSkills. Barani Afrika, mafundi vijana wa nchi mbalimbali walishindana Kigali, Rwanda, mwaka 2018, na Swakopmund, Namibia, mwaka 2022. Katika fani nyingi, mshindani hatakiwi kuzidi umri wa miaka 22.

Katika mashindano ya namna hiyo, useremala haukusanywi wote kapuni. Wapo wanaoshindana katika kuunga milango, madirisha na ngazi. Wapo wa mapaa. Wapo wa samani na makabati. Kila kijana hupewa meza yake, mchoro na mbao. Hufanya kazi kwa siku kadhaa, saa zikihesabiwa. Waamuzi huja na rula na pembemraba, wakapima urefu, unyoofu na pembe. Hutazama kama ulimi wa mbao moja umeingia sawasawa katika tundu la nyingine, bila pengo lililofichwa kwa gundi na unga wa mbao. Huko milimita moja ni kosa linaloonekana.

Nchini mwetu, mwaka 2019 Wizara ya Elimu ilianzisha Mashindano ya Kitaifa ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu, yajulikanayo kama MAKISATU. Katika makundi yake vimewekwa vyuo vya ufundi stadi, na pia wabunifu wa mfumo usio rasmi, yaani watu wasiopitia chuo chochote. Tunapenda kusifu jambo hilo la pili, kwa kuwa mlango umefunguliwa hata kwa fundi wa kijijini. Lakini tutofautishe. MAKISATU hupima ubunifu, yaani kitu kipya kilichobuniwa. Mashindano ya ufundi tuliyoyaeleza kwanza hupima usahihi wa kazi iliyozoeleka: mlango ambao kila mtu anaujua, lakini si kila mtu awezaye kuutengeneza vema. Taifa lahitaji yote mawili. Wabunifu tunawapigia makofi. Mafundi wa kazi sahihi tunawasahau, ingawa ndio wanaotujengea.

3. KIJANA WETU NA VIZUIZI VYAKE

Sasa tumfikirie kijana mmoja wa huku kwetu. Hatumtaji jina kwa sababu ni mfano wa wengi. Alimaliza shule, wazazi hawakuwa na ada ya chuo, akapelekwa kwa fundi mwenye banda kando ya barabara. Mwaka wa kwanza alifagia maranda na kupiga msasa. Mwaka wa pili akashika randa na patasi. Leo aweza kutengeneza mlango mzuri, na watu humsifu. Akisikia tangazo la mashindano ya kitaifa, ni nini kitamzuia?

Kwanza, hana cheti. Ujuzi wake uko mikononi, wala hakuna karatasi ya kuutetea. Anapoambiwa alete barua ya chuo, hurudi kibandani.

Pili, hakufundishwa kusoma mchoro. Yeye hufanya kazi kwa kuangalia kielelezo, au picha ambayo mteja amemwonyesha kwenye simu. Akili anayo, aliyemfundisha naye hakufundishwa.

Tatu, ni mbao. Hapa tusimame kidogo, kwa maana wengi hatulijui jambo hili. Mbao mbichi hunywea inapokauka. Kiungo kilichobana leo chaachia kiangazi kikifika. Mlango ulionyooka hupinda. Mti uliovunwa ukiwa mchanga, kwa sababu mwenye shamba alikuwa na shida ya fedha, huongeza taabu hiyo. Kijana aliyefanya kazi kwa mbao mbichi miaka yote hajapata kujua mkono wake unaweza nini, kwa kuwa kila mara kosa la mbao limechanganyika na kosa la mkono. Siku atakapopewa mbao iliyokaushwa vema, ndipo atakapojipima kwa haki. Je, ni lazima asafiri hadi mashindanoni ndipo aipate, naye amezaliwa katikati ya miti?

Nne, vyombo si vyake. Randa ni ya bwana wa banda, na nauli ya kwenda Dodoma au Dar es Salaam ni mapato ya siku nyingi.

Tano, kama kijana huyo ni msichana, kizuizi chaanza mapema zaidi. Ataambiwa useremala ni kazi ya wanaume, na aliyemwambia hivyo ataketi juu ya kiti bila kujiuliza kama kiti chajua aliyekitengeneza ni nani.

4. NENO LA MUNGU NA MAFUNDISHO YA KANISA

Maandiko Matakatifu hayamdharau fundi. Katika Kitabu cha Kutoka, sura ya 31, Mungu anamchagua Bezaleli wa kabila la Yuda na kumjaza Roho wake, ili awe na hekima ya kuchonga mbao na kufua madini kwa ajili ya Hema Takatifu. Naye Oholiabu wa kabila la Dani anapewa kuwa msaidizi wake. Tuangalie vema: karama ya Roho inatajwa hapa pamoja na ustadi wa vidole. Katika Injili ya Marko, sura ya 6, watu wa Nazareti wanamwita Bwana wetu seremala, nao wanalitumia neno hilo kama sababu ya kutomsikiliza. Dharau hiyo kwa watu wa kazi za mikono ni ya zamani.

Lakini andiko linalotugusa kuliko yote ni sura ya 38 ya Yoshua bin Sira. Hekima huyo awataja mkulima, mchonga mihuri, mhunzi na mfinyanzi. Asema kwamba bila watu hawa mji hauwezi kukaliwa. Hata hivyo hawatafutwi katika baraza la watu, wala hawaketi katika kiti cha hakimu. Kisha atamka kwamba wao ndio wanaoudumisha ulimwengu, na sala yao imo katika kazi yao. Ndugu, je, hii si habari ya kata yetu? Tunapounda kamati ya ujenzi tunamweka mwenye duka, mwalimu na mwenye gari. Fundi tunamwita baadaye, ili tumwambie bei tuliyokwisha kuipanga.

Kanisa nalo limenena. Papa Leo XIII, katika waraka wake wa mwaka 1891 juu ya hali ya wafanyakazi, alifundisha kwamba ujira hauwi wa haki kwa sababu tu mnyonge ameukubali. Wapaswa kumwezesha kuishi. Mwaka 1955 Papa Pius XII aliiweka tarehe 1 Mei kuwa Sikukuu ya Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi. Mwaka 1981 Mtakatifu Yohane Paulo II alifundisha kwamba kazi ni kwa ajili ya mtu, wala si mtu kwa ajili ya kazi, na kwamba mfanyakazi hutangulia mtaji. Naye Papa Leo XIV, aliyechaguliwa tarehe 8 Mei 2025, alieleza kwamba alichukua jina hilo akimkumbuka hasa Leo XIII na utetezi wake kwa wafanyakazi.

Wala hayo hayakubaki katika maandishi. Wamisionari Wabenediktini wa Peramiho na Ndanda walijenga karakana sambamba na makanisa na shule, na mafundi waliotoka humo walijenga kusini mwa nchi. Wasalesiani wa Don Bosco wanafundisha ufundi Iringa na Dodoma. Kwa hiyo, tukimjali seremala kijana, hatuanzishi jambo jipya katika Kanisa.

5. HAKI INA PANDE ZOTE

Mtu asidhani twasema fundi ana haki tu na hana wajibu. Pembemraba haimpendelei mtu.

Kwa fundi. Ahadi ni deni. Fundi anayepokea malipo ya awali ya milango mitatu, akayatumia yote, kisha kila siku akamwambia mteja aje kesho, huyo ameiba siku za mwenzake. Vivyo hivyo anayeficha pengo kwa gundi na rangi, au anayenunua mbao zilizoibwa usiku katika shamba la mjane. Torati, katika Kumbukumbu la Torati sura ya 25, yakataza mizani miwili mfukoni. Nasi twaweza kusema, futi mbili bandani.

Kwa bwana wa banda. Mwanagenzi ni mtoto wa mtu. Kumfundisha ni wema, lakini kumtumikisha miaka bila posho, bila chakula cha mchana, kwa kisingizio kwamba anajifunza, si wema tena. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 hairuhusu kumwajiri mtoto wa chini ya miaka 14, wala kumweka aliye chini ya miaka 18 katika kazi ya hatari. Na mashine ya kupasulia mbao ni hatari. Tunawafahamu watu waliopoteza vidole. Mwajiri anawajibika kuwasajili wafanyakazi wake katika Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioanza kazi mwaka 2015, ili kidole kikipotea, familia isipotee pamoja nacho.

Kwa mteja. Mtume Yakobo, katika sura ya 5 ya waraka wake, asema ujira uliozuiliwa walia, na kilio chake chamfikia Bwana. Anayechukua kabati na kubakiza nusu ya bei mwaka mzima amezuia ujira. Anayeomba kazi bure kwa kuwa ni ya Kanisa, asisahau kwamba watoto wa fundi nao ni wa Kanisa. Fundi akijitolea kwa moyo, tumshukuru. Lakini sadaka haidaiwi.

Kwa viongozi wa umma. Mwaka 2016 Taifa zima lilihamasishwa kutengeneza madawati ya shule, na ikaonekana wazi kwamba nchi yaweza kuwapa mafundi wake kazi kubwa kwa muda mfupi. Kazi ya namna hiyo inapokuja, itangazwe mahali ambapo hata fundi wa kijijini ataliona tangazo, na ipimwe kwa ubora wa kazi, si kwa undugu.

6. TUFANYE NINI?

Tume inapendekeza mambo sita, yote yako ndani ya uwezo wetu.

(a) Kila jumuiya iandike orodha ya vijana wake wenye ufundi, wasichana na wavulana, ili tangazo la mafunzo au mashindano likija lisiishie mezani kwa katibu.

(b) Tuwasindikize vijana hao VETA. Mamlaka hiyo ina utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi: fundi hupimwa kwa kazi anayoifanya, huelekezwa palipo na upungufu, na akifaulu hupewa cheti. Na wazazi waelezwe kwamba mkondo wa amali, ulioanza katika baadhi ya sekondari mwaka 2024, si adhabu kwa mtoto aliyeshindwa masomo.

(c) Tujenge banda moja la kukaushia mbao. Ni paa, nguzo, na mbao zilizopangwa juu ya ardhi, vijiti vikitenganisha safu na safu ili upepo upite. Gharama yake ni ndogo. Kinachotakiwa ni uvumilivu wa miezi.

(d) Kila kazi ya kigango au parokia iwe na mkataba wa ukurasa mmoja: vipimo, aina ya mbao, bei, malipo ya awali na tarehe. Waujue fundi na kamati pia.

(e) Vijana wajiunge katika vikundi na kuulizia mikopo ya halmashauri. Asilimia 10 ya mapato ya ndani hutengwa kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka 2024. Sheria ya Ununuzi wa Umma nayo imeweka fungu la zabuni kwa makundi maalumu. Viongozi wetu waulize katika mkutano wa kijiji na wa kata ni nani aliyepata, na kwa kigezo gani.

(f) Tuandae shindano letu dogo la tarehe 1 Mei. Mchoro mmoja, wa benchi la kukalia kanisani, mbao kavu za aina moja, saa zilezile, vyombo vya kuazimana kwa asiye navyo, waamuzi kutoka nje ya kata, wasiojua benchi lipi ni la nani. Kila mshiriki alipwe gharama ya kazi yake, na mabenchi yote, la mshindi na la aliyeshika mkia, yaende vigangoni. Atakayefanya vema zaidi tumchangie nauli na vyombo, ashindane mbele.

HITIMISHO

Huenda kijana tutakayemtuma asirudi na kombe. Washindani ni wengi na mshindi ni mmoja. Lakini atarudi akiwa ameonja jambo ambalo hatalisahau: kazi yake kupimwa kwa kipimo kilekile kilichowapima wengine. Na kijana aliyeonja hivyo hatakubali kwa urahisi kudhulumiwa, na tunatumaini hatadhulumu. Kazi ya Tume, na kazi yenu viongozi, ni kuhakikisha kwamba akirudi hapa Igowole hakuti kipimo kingine kinamngojea.

Mtakatifu Yosefu, seremala mwenye haki, atuombee. Mungu awabariki.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA JUMUIYA

1. Katika jumuiya yetu, ni mafundi wangapi vijana hawana cheti? Ni nani atakayewasaidia kwenda kupimwa?

2. Je, kuna fundi ambaye sisi au ndugu zetu tunadaiwa naye? Tutamlipa lini?

3. Katika kamati zetu za ujenzi, fundi ana kiti na sauti, au huitwa tu maamuzi yakiisha?

4. Msichana wa jumuiya yetu akitaka kuwa seremala, atapata wapi wa kumfundisha kwa heshima na usalama?

5. Miti tuliyopanda, je, tutaendelea kuiuza ikiwa michanga na mibichi? Tukishirikiana, twaweza kufanya nini badala yake?